Mlango wa Laurel Lick

Hamilton, Ohio
15 Juni 1971

Kaka Arvil,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi Ovaline. Natumaini hamjambo, na lile goti lako limepata nafuu. Sisi huku ni wazima, ila Denzil bado anakohoa vumbi la mgodi aliouacha zamani. Tulirudi salama kutoka Kentucky, na gari halikutusumbua njiani.

Salamu zimekwisha. Mama alitufundisha kusalimu kwanza hata kama tunakwenda kugombana, na mimi nimeshasalimu.

Kwa nini uliniachia mkono?

Huenda hukuona kilichonileta pale mbele, basi nikueleze. Sikuja na nia yoyote. Nilikuja kilimani kwenye mkutano wa makaburi, kuwakumbuka wafu wetu kama kila mwaka, nile kuku wa Ovaline, nilie kidogo kwa Mama na Baba, nirudi zangu Ohio. Denzil alibaki chini kwenye malori na wanaume wengine wasio wa kanisa, wakipiga soga. Ukahubiri. Kisha ukafungua mlango wa kanisa, ukasema kama kuna mtu ambaye Mungu amemwita, aje atoe mkono apokewe kanisani. Wimbo ukaanza. Nimesikia maneno hayo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa na sijawahi kutikisika.

Jumapili nilitikisika. Si sauti ya masikioni. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisimama mlangoni jioni bila kuita mtu, na sisi huko mtoni tukajua tu kwamba chakula kiko mezani na ni sisi tunaongojwa? Ilikuwa hivyo. Kwetu mtu hajiiti mwenyewe, unangoja uitwe, na wengine wanazeeka wakingoja. Nina miaka arobaini na tisa nami nimeitwa. Nikainuka. Nikashika bega la Dada Verlie, nikapita mbele. Nikakupa mkono mbele ya kilima kizima, wewe ukaushika, ukaniinamia, ukasema, "Delphie, nenda kakae." Ukauachia. Wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Sheria naijua. Nimeolewa mara mbili na Hobert, yule wa kwanza, bado yu hai. Lakini hebu niambie, wewe unayejua vifungu vyote. Hobert angelala na mwanamke mwingine, kanisa lingesema niko huru. Kwa kuwa alinivunja mkono tu, siko huru. Kwa hiyo kosa la Hobert ni kwamba alinipiga badala ya kuzini? Laiti angenionea huruma akazini!

Nijibu. Wala usinijibu kwa mahubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Delphia


Laurel Lick, Kentucky
30 Juni 1971

Mdogo wangu mpenzi Delphie,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hapa hatujambo. Goti ni lile lile, mvua ikikaribia linanitangazia kabla ya redio. Ovaline anawasalimu sana, anasema ulisahau bakuli lako la viazi, atalituma kwa mtu anayekuja huko.

Barua yako imenichoma. Niliisomea ghalani ili Ovaline asinione uso.

Unadhani niliuachia mkono wako kwa wepesi? Wewe ni mtoto wa mwisho wa mama yangu. Lakini mimi ni msimamizi wa kanisa, si mwenye kanisa. Sheria waliiweka waliotutangulia: aliyeoa au kuolewa mara ya pili, na mwenzake wa kwanza yu hai wala hakuzini, hapokelewi. Nikikupokea wewe kwa kuwa ni damu yangu, nitamwambia nini Ndugu Estill? Amekaa benchi la nyuma na mke wake wa pili miaka na miaka. Kila mkutano analia, na hajathubutu kuinuka.

Njia ziko mbili. Uachane na Denzil ukae peke yako, na hilo siwezi kukuomba, maana nampenda shemeji yangu ingawa kanisani hakanyagi. Au ungoje.

Na kuhusu kungoja, nina habari ya kukufariji. Hobert yuko mji huo huo wenu. Mpwa wake ametuambia hapa posta. Mapafu yamekwisha, amelala chumba cha kupanga juu ya duka la viatu, barabara ya Tano. Hana mtu. Daktari anasema hatavuka majira ya baridi. Basi jipe moyo, mdogo wangu. Akina mama wa kanisa wameambiwa, wanakuombea. Pengine kufikia mkutano wa makaburi mwakani utakuwa huru, nami nitakubatiza kwa mikono yangu pale chini ya daraja.

Nami nakuuliza swali moja kama kaka. Unajuaje kwamba aliyekuita ni Mungu, si ukaidi wako? Tangu utotoni ukiambiwa huku hakupitiki, ndiko unakopita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaka yako akupendaye,
Arvil


Hamilton, Ohio
22 Agosti 1971

Kaka Arvil,

Hujambo? Wifi hajambo? Bakuli limefika, mwambie asante, na yale maharage aliyotia ndani tumeyala siku hiyo hiyo. Sisi wazima.

Guu langu ni zima. Kilichovunjika ni mkono, na aliyeuvunja ni mume niliyeozwa na wakuu, wewe ukiwa meza ya mbele unakula keki. Kwa hiyo methali hiyo irudishe kabatini.

Nilichelewa kujibu kwa sababu ile habari yako ya kunifariji ilinikaa kooni. Akina mama wa kanisa wananiombea nini hasa? Nieleze. Dada Verlie anapiga magoti, anafumba macho, anamwambia Mungu amharakishe Hobert? Au anapita kando kwa adabu, anasema "Bwana, umfungulie Delphia njia," na Bwana aelewe mwenyewe kwamba njia ni jeneza? Mmenikalisha juu ya tawi kama tumbusi, ningoje mtu akate roho ndipo nishuke nikale meza ya Bwana.

Sasa nikueleze nililofanya, na usinisifu. Nilikwenda. Nilikwenda kuona kama yuko karibu kufa. Nilijidanganya kwamba nakwenda kutazama viatu, na kweli nilijaribu jozi mbili. Kisha nikapanda ngazi.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilinuka maziwa yaliyoharibika. Yule Hobert tuliyemwogopa wote amebaki mifupa na macho. Gilasi ya maji iko kwenye kiti, na mkono wake haufiki. Nilisimama pale nikafurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi. Nikageuka niondoke.

Nilipofika ngazini kikanijia kile kile cha kilimani. Kaka, hakikuwa kitu kingine. Sikukikosea, kama nisivyoweza kukosea nyayo za Denzil sebuleni. Hakikuniambia nimsamehe, wala hakikunihubiria. Kilinijulisha tu kwamba yule mtu maji hayamfikii na mimi mikono ninayo.

Nikarudi. Nikamshika kichwa nikamnywesha.

"Nani wewe?" akauliza.

"Delphia."

"Delphia yupi?"

"Uliyemvunja mkono."

Akanywa yote. Akasema, "Maji yenyewe ya moto."

Kesho yake nikapika maharage na mkate wa mahindi, nikauvuruga kwenye mtindi aweze kuumeza. Denzil akaniuliza sufuria inakwenda wapi. Nikamwambia. Akamaliza kahawa yake, akasema, "Ukimlisha atapona. Akipona, hubatizwi." Nikasema najua. Akasema, "Basi nipe nibebe mimi, ina moto."

Sasa tunakwenda kila siku. Waambie akina mama wa kanisa waombe kwa nguvu zaidi, maana huku nina maharage ya kutosha.

Mdogo wako,
Delphia


Laurel Lick, Kentucky
19 Septemba 1971

Mdogo wangu Delphie,

Salamu katika Bwana. Natumaini wewe na shemeji Denzil mnaendelea vizuri. Huku tumechimba viazi, vimekuwa vingi. Ovaline alikuwa na homa lakini ameinuka.

Barua yako niliisoma mara moja, na ujumbe wako kwa akina mama wa kanisa sikuufikisha. Lakini habari zimefika bila barua. Mpwa wa Hobert anapiga domo posta. Sasa watu wanasema Delphia ana waume wawili, mmoja nyumbani na mmoja juu ya duka la viatu, na yule wa nyumbani ndiye anayembebea sufuria. Wanacheka, Delphie. Wanaume wazima wanacheka wakiwa wameegemea malori, na mimi napita nikiwa na Biblia kwapani. Dada Verlie ameacha kukuombea. Anasema hajui tena aombe nini.

Kutoa maji kwa mgonjwa ni kazi njema, sikatai. Umetoa, inatosha. Kuna wauguzi, kuna ofisi za serikali kwa watu wasio na ndugu. Wewe huna wajibu kwake. Kila kijiko unachomtia kinywani unajifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nimejipanga kukufungulia. Unanifanya nionekane mjinga. Mimi nasali ufike, wewe unarudi nyuma.

Kama kaka yako na kama msimamizi wa kanisa, nakukataza usiende tena kwenye chumba kile.

Kaka yako,
Arvil


Hamilton, Ohio
21 Novemba 1971

Kaka Arvil,

Shikamoo ya mbali, maana umeniandikia kama jaji. Hamjambo lakini? Wifi anywe mchuzi wa kuku wenye pilipili manga, homa isirudi. Sisi tuko salama. Theluji imeanguka kidogo.

Katazo lako nimelisoma. Nimelikunja vizuri, nimeliweka chini ya mguu wa meza ya jikoni uliokuwa unayumba. Meza imetulia.

Hobert amepata nafuu. Anakaa dirishani, anatukana hali ya hewa, anasema maharage yangu hayana chumvi. Daktari ameniuliza nampa nini, nikamwambia chakula. Denzil anamwogesha kila Jumamosi na kumnyoa. Juzi Hobert alimwambia, "Mkono wako mzito." Denzil akamjibu, "Wako nilishasikia habari zake." Wakaendelea kunyoana.

Usidhani nimekuwa malaika. Sijamsamehe. Namkata kucha za vidole vile vile vilivyonikunja mkono, na kuna siku namkata karibu mno na nyama. Nikitoka pale nalia garini, na Denzil anazunguka mtaa mara kadhaa kabla ya kunipeleka nyumbani.

Uliniuliza najuaje kwamba ni Mungu. Ukaidi wangu naufahamu, nimeishi nao. Siku zote unataka ninachokitaka mimi. Ukaidi ungenileta kwako nikupigie kelele mbele ya watu, na ningefurahi. Haungenipeleka kwa Hobert hata siku moja. Aliyenipeleka kwa Hobert ndiye aliyeniinua kilimani, na sasa nina hakika na lile la kwanza kwa sababu ya hili la pili. Nilikuwa nadhani Mungu huita mara moja, unatoa mkono, yamekwisha. Kumbe Yeye haachi kuita. Kila asubuhi naitwa, na kila asubuhi sitaki, na nakwenda. Sala zangu zimekuwa fupi. Zamani niliomba kwa maneno ya Baba. Siku hizi nasema "Haya, nimeamka," na namsikia amefurahi.

Kuna jambo lingine, na hili litakukasirisha. Jumapili iliyopita Hobert aliomba wimbo, mmoja wa zile nyimbo zetu za polepole. Nikamwambia hakuna wa kuutoa mstari. Denzil hajui nyimbo, yeye mwenyewe hana pumzi, na kwetu mwanamke hatoi mstari. Akanitazama tu. Basi nikautoa mimi. Nilisema mstari kwa haraka kama ufanyavyo wewe, kisha tukauvuta pamoja, mimi na Denzil asiyejua wimbo unapanda wapi, na Hobert akitikisa midomo. Kwenye duka chini wakazima redio. Tuliimba beti zote. Sijawahi kuwa kanisani kama nilivyokuwa kanisani siku ile. Kisha akalala, nasi tukaosha vyombo.

Nikataze tena ukitaka. Meza nyingine bado inayumba.

Mdogo wako,
Delphia


Hamilton, Ohio
16 Januari 1972

Kaka Arvil,

Heri ya mwaka mpya. Kifurushi cha Krismasi kimefika, jemu ya Ovaline na soksi za Denzil, asanteni. Nimekitafuta kikaratasi chako hadi ndani ya soksi, sikukiona.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Mimi nimezoea. Kimya ndicho nisichokizoea.

Hobert amepata baridi ya kifua. Hali si nzuri.

Delphia, mdogo wako, kama bado


Laurel Lick, Kentucky
2 Aprili 1972

Mdogo wangu mpenzi sana,

Neema na amani kwako. Ovaline hajambo, miti imeanza kuchipua, na mto umejaa.

Tumesikia posta kwamba Hobert alizikwa mwezi uliopita. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Simfurahii mtu kufa. Lakini nitasema uongo nikikuambia sikumshukuru Mungu, maana nimebeba jambo lako kifuani tangu Juni.

Delphie, mlango uko wazi! Jumamosi kwenye kikao niliuliza kanisa, na mikono yote ilipanda. Hakuna hata mmoja aliyebaki chini. Dada Verlie alilia kwa furaha, akasema Mungu amejibu. Mkutano wa makaburi ni tarehe 11 Juni. Njoo Jumamosi, utoe mkono mbele ya watu wale wale, na Jumapili tushuke mtoni. Ovaline ameshanunua kitambaa cha gauni lako la kuingilia majini. Anaomba kipimo cha kiuno, anasema usipunguze kwa aibu.

Yaliyopita yamepita. Umengoja na sasa umefika.

Kaka yako mwenye furaha,
Arvil


Hamilton, Ohio
16 Aprili 1972

Kaka Arvil,

Nakusalimu, na namsalimu wifi kwa upendo wote. Sisi wazima. Nyumba ina utulivu ambao bado sijauzoea, ikifika saa sita mchana mikono inatafuta sufuria.

Alikufa mchana, Denzil akiwa amemshika upande mmoja na mimi upande mwingine. Hakuomba msamaha. Siku mbili kabla, aliniuliza, "Ule mkono ulipona?" Nikamwambia, "Ulipona umepinda." Akasema, "Ehe." Akafumba macho. Hicho ndicho nilichopata kwake. Na msamaha wangu kwake sikuutafuta, ulinikuta nabadilisha shuka lake. Sijui ulianza lini. Nilijikuta nanyoosha shuka lisiwe na mkunjo utakaomuumiza mgongo, nikashangaa mwenyewe. Nimemlilia, kaka, na nimelia wiki nzima.

Sasa lile la Juni. Siji.

Mwambie Ovaline akate kitambaa kiwe pazia. Siji, na nitakuambia kwa nini, ili usiseme ni ukaidi.

Mungu aliniita tarehe 13 Juni mwaka jana, saa tano asubuhi, Hobert akiwa hai. Hakuniambia "Njoo, lakini kwanza mtu afe." Ninyi mlisema hivyo. Leo mnaniita na mnasema Mungu amejibu. Amejibu nini? Alikuwa ameshasema! Nikija nikatoa mkono Juni hii, nitakuwa nakubali kwamba ile ya mwaka jana haikuwa kitu. Nitakuwa nimekanyaga jeneza la mtu niliyemlisha ili nipate urefu wa kufikia kitasa. Siwezi, na nikiweza, basi sikuitwa kweli.

Ubatizo nautaka. Nautaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kuna siku nikipita mtoni hapa nageuza uso. Lakini sitanunua ubatizo kwa uongo.

Nikija, ni kwa sharti moja. Simama Jumamosi, kwenye kiti chako cha usimamizi, useme mbele ya kanisa kwamba mwaka jana Mungu alimwita Delphia akiwa mke wa Denzil na Hobert akiwa hai, kwamba alikuja, na sisi tukamrudisha, na tuliokosa ni sisi. Sisemi kwa ajili yangu peke yangu. Mke wa kwanza wa Ndugu Estill ana afya kama nyumbu. Estill angoje nini?

Usiposema, tutaendelea kupendana na kuandikiana kuhusu viazi.

Mdogo wako,
Delphia


Laurel Lick, Kentucky
12 Juni 1972

Delphie,

Salamu. Sisi wazima, na natumaini nanyi ni wazima. Hukuja, na sikushangaa. Niliweka maua kwa Mama na Baba kwa niaba yako.

Wakati wa baridi sikukuandikia kwa sababu sikuwa na jibu, na msimamizi ni mtu anayetazamiwa kuwa nalo. Barua yako ya wimbo nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Nilikuwa naisoma nikiandaa mahubiri, na kila mara mahubiri yangu yalionekana ya mtu aliyesikia habari za Mungu kwa jirani.

Jumamosi nilisimama. Nilisema yote, kama ulivyoandika, na nikaongeza langu. Nilisema nilipoushika mkono wako mwaka jana nilijua. Nilijua ni Mungu, kwa sababu nami nilitikisika, na nikauachia kwa kuogopa watu, si kwa kuiheshimu sheria.

Kanisa likaniomba niyarudishe maneno yangu. Nikasema nimeshayatoa. Wakaniomba mara ya pili, kwa upole, hawa watu wananipenda. Nikakataa. Wakapiga kura. Nimeondolewa kwenye usimamizi, na nimezuiwa kuhubiri na kubatiza mpaka nitubu. Kiti amepewa Ndugu Carlos.

Nilipotoka mbele, Estill aliinuka kutoka benchi la nyuma. Watu walidhani anatoka nje. Alikuja akanikumbatia pale pale, na mkewe nyuma yake. Ovaline naye akaondoka upande wa akina mama akaja kusimama nami. Tulirudi nyumbani tukakaanga mayai.

Sasa sikiliza vizuri. Ndugu Carlos ni mtu mwema. Anasema wewe huna kosa tena, Hobert amekufa, mlango wako haujafungwa. Julai atakubatiza pale chini ya daraja. Ukitaka kanisa la Baba na Mama, nenda kwake. Sitaumia, au nitaumia kidogo na itapita. Mimi siwezi kukubatiza tena. Kwa kusema ulichotaka niseme, nimepoteza ruhusa ya kubatiza hata paka.

Usijute kuniomba. Nina miaka hamsini na nane, na hii ndiyo mara ya kwanza naitwa nikaitika bila kutazama nani ananitazama. Silali vizuri, lakini naomba vizuri.

Kaka yako,
Arvil


Hamilton, Ohio
19 Juni 1972

Kaka yangu,

Shikamoo. Na hii si ya utani.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Denzil akaniuliza nani amekufa. Nikamsomea kwa sauti. Nilipofika pale pa mayai alitoka nje kwenda kuangalia gari ambalo halina kasoro.

Ndugu Carlos mpe salamu zangu na asante zangu. Siendi. Siingii kwa mlango uliofunguliwa na kifo cha mmoja na kuondolewa kwa mwingine.

Unasema huna ruhusa. Ruhusa hiyo ulipewa na watu kwa kuinua mikono, na wameishusha, ni haki yao. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba umeitwa na ukaitika. Sasa unangoja nini, kura? Kaka, nimeshaishi mwaka mzima nikifanya nililokatazwa na msimamizi wa kanisa, na sijawahi kumkaribia Mungu kama mwaka huu. Nakukaribisha. Huku nje hakuna baridi sana.

Jumapili tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi. Kuna mto nyuma ya shamba la rafiki yake Denzil, wanafanya kazi pamoja kiwandani. Denzil ameshaupima. Aliingia na suruali yake ya kazi, maji yakamfika kiunoni, akateleza, akatoka akisema mawe yana utelezi na kwamba siku hiyo atasimama majini karibu nami nisije nikazama kabla sijaokoka. Amenunua suruali mpya kwa ajili hiyo. Mimi simuulizi kitu. Kama kuna anayemwita, si mimi.

Mwambie Estill na mkewe kwamba mto ni mpana. Mwambie wifi alete lile gauni kama hajaligeuza pazia, kiuno ni inchi thelathini na sita, sikupunguza.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nimeyavulia tangu mwaka jana. Ukija utanibatiza. Usipokuja nitaelewa, wala sitakulaumu, umeshapoteza vingi kwa ajili yangu. Lakini saa nne na nusu ikifika sijakuona, nitaingia mwenyewe, nijizamishe mwenyewe kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na atakayetaka kunipigia kura anipigie kutoka ukingoni.

Mdogo wako,
Delphia


TELEGRAMU
KWA: DELPHIA, HAMILTON, OHIO
1 JULAI 1972

TUKO NJIANI. ESTILL NA MKEWE WAMO GARINI. TAIRI LIMEPASUKA TUNAZIBA. USITANGULIE MAJINI. KAKA